Kutoka Jani hadi Dawa: Mimea ya Pwani Yetu, Chembe Nano na Tiba ya Saratani

Utangulizi

Katika jumuiya zetu ndogondogo saratani si habari ya mbali tena. Tunawaombea wagonjwa, tunachangia nauli zao za kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, na tunawatembelea wanaporudi. Wengi wao, kabla ya safari hiyo au baada yake, wameshapewa na jirani au ndugu majani ya kuchemsha, magome ya kuloweka au unga wa kukoroga kwenye uji. Ndipo tunapoulizwa: “Frateri, kama dawa za hospitali zinatoka kwenye miti, kwa nini nisinywe mti wenyewe?”

Swali hili ni la haki na halistahili kujibiwa kwa kicheko. Anayeliuliza hana ujinga. Ameshika nusu ya ukweli. Katika somo hili tutaitafuta nusu ya pili. Tutaanzia hapa Kaole na Bagamoyo, tupite Shimba Hills katika pwani ya Kenya, kisha tuingie maabara ambako watafiti hutumia chembe ndogo mno, ziitwazo chembe nano, kubeba dawa za mimea hadi kwenye uvimbe. Mwishoni tutaona mambo ambayo mseminari, katekista na kiongozi wa jumuiya anaweza kuyafanya.

1. Urithi wa majani katika pwani yetu

Magofu ya Kaole, yenye misikiti miwili na makaburi ya kale, yanatukumbusha kwamba watu wameishi hapa tangu karne ya 13. Waliugua na wakatibiana kwa mimea iliyowazunguka, karne nyingi kabla ya Misheni ya Bagamoyo kufunguliwa mwaka 1868. Elimu hiyo haikuandikwa. Ilipita kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu.

Mmoja wa watu walioanza kuiandika alikuwa padre. Charles Sacleux, mmisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, alifika pwani hii mwaka 1879. Wengi wanamkumbuka kwa kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyochapwa Paris kati ya mwaka 1939 na 1941. Lakini alikuwa pia mwanabotania: alikusanya mimea, akaikausha na kuandika majina ambayo wenyeji waliyatumia. Jenasi moja ya mimea ya Afrika Mashariki, Sacleuxia, imepewa jina lake.

Katika nchi yetu kazi ya kuchunguza dawa za mimea ilipata makao rasmi mwaka 1974, kilipoanzishwa kitengo cha utafiti wa tiba asili huko Muhimbili. Mwaka 1991 kitengo hicho kikawa Taasisi ya Tiba Asili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002, na chini yake waganga husajiliwa. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba sayansi na tiba asili ni maadui. Kazi ya sayansi ni kuliuliza jani maswali manne: ndani yako mna nini, kiasi gani kinaponya, kiasi gani kinaua, na utafikaje mahali penye ugonjwa?

2. Ua la uani na kilicho ndani yake

Tuanze na mmea ambao wengi wetu tumeupita bila kuutazama. Ni mmea mfupi wenye maua ya waridi au meupe, kila ua likiwa na petali tano. Hupandwa mbele ya nyumba kwa urembo na huvumilia mchanga wa pwani na jua kali. Asili yake ni Madagaska, na jina lake la kitaalamu ni Catharanthus roseus. Wengine huuita vinka. Uko katika familia moja na ile Sacleuxia ya Padre Sacleux.

Katika miaka ya 1950, huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer walikuwa wakiuchunguza mmea huu kwa sababu majani yake yalisifiwa kutibu kisukari. Hawakupata walichokitafuta. Waliona jambo jingine: wanyama waliopewa dondoo la majani hayo walipungukiwa sana na chembe nyeupe za damu. Wakajiuliza kama kitu hicho kingeweza pia kupunguza chembe nyeupe zinazozaliana ovyo katika saratani ya damu. Mwaka 1958 walitangaza kemikali waliyoitenga, vinblastini. Ndugu yake, vinkristini, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1963.

Dawa hizi hufanyaje kazi? Seli inapotaka kugawanyika huunda nyuzi ndogo za kuvuta nakala za vinasaba, nusu upande huu na nusu upande ule. Vinkristini huzuia nyuzi hizo zisiundwe, na seli hukwama katikati ya kugawanyika na kufa. Seli za saratani hugawanyika mara kwa mara, kwa hiyo huumia zaidi. Lakini seli za mizizi ya nywele na za uboho wa mifupa nazo hugawanyika, na mishipa ya fahamu hutegemea nyuzi za namna hiyo hiyo. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kunyonyoka nywele, kupata ganzi vidoleni au kufunga choo.

Afrika Mashariki ina deni kwa ua hili. Mwaka 1958, daktari mpasuaji Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa mataya uliowashika watoto wa maeneo yenye malaria, saratani ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Vinkristini ni moja ya dawa zinazotumika kuitibu hadi leo, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Sasa turudi kwa muulizaji wetu: kwa nini mtoto huyo asinyweshwe chai ya majani ya vinka? Kwanza ni kiasi. Hukadiriwa kwamba kilo 500 hivi za majani makavu huhitajika ili kupata gramu 1 tu ya vinblastini. Dozi moja ya vinkristini kwa mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2, nayo huingizwa kwenye mshipa wa damu na mhudumu aliyefunzwa, kwa sababu ikiingia mahali pasipo pake huua. Pili, jani lina kemikali nyingine nyingi, na hakuna anayejua kikombe cha leo kina kiasi gani kulinganisha na cha jana. Mgonjwa akinywa kidogo hapati tiba, akinywa kingi anapata sumu, na sufuria haina kipimo cha kumwonyesha mpaka uko wapi.

3. Mti wa Shimba Hills

Mfano wa pili unatoka kwa jirani zetu wa Kwale, katika pwani ya Kenya. Mwaka 1972 mwanakemia Morris Kupchan na wenzake nchini Marekani walitangaza kemikali waliyoitenga kutoka mti wa jenasi ya Maytenus uliokusanywa Ethiopia. Waliiita maitansini. Ilikuwa kali ajabu kwa seli za saratani, lakini ilipatikana kwa kiasi kidogo mno. Wakaugeukia mti wa jamii hiyo hiyo, Maytenus buchananii, na zaidi ya tani 27 za mti huo zilikusanywa Shimba Hills ili kupata dawa ya kufanyia majaribio.

Majaribio kwa wagonjwa yalifuata, na matokeo yake yalivunja moyo. Maitansini ilidhuru tumbo, ini na mishipa ya fahamu kabla ya kuushinda uvimbe. Dawa iliyofanya maajabu katika kichupa cha maabara haikufaa mwilini, ikawekwa kando.

Hata hivyo watafiti hawakuisahau. Walitambua kwamba ukali wenyewe haukuwa kasoro. Kasoro ilikuwa kwamba dawa ilisambaa kila mahali. Wakaifunga ndugu ya maitansini kwenye kingamwili, yaani protini inayotambua alama maalumu iliyo juu ya seli za aina fulani ya saratani ya matiti. Kingamwili hubeba dawa, hujishika kwenye seli yenye alama, huingizwa ndani, na hapo ndipo sumu huachiliwa. Dawa hiyo, Kadcyla, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2013, miaka 41 baada ya tangazo la Kupchan. Sehemu yake ya sumu sasa hutengenezwa kwa msaada wa bakteria, bila kukata miti ya Shimba Hills.

Hapo tumeipata nusu ya pili ya ukweli tuliyoitafuta. Kuua seli ya saratani si kazi ngumu. Hata sabuni ya kufulia ikimwagwa kwenye kichupa itaiua. Kazi ngumu ni kuiua seli hiyo na kumwacha mgonjwa akiwa hai.

4. Chembe nano ni nini?

Neno nano linahusu kipimo. Chukua milimita moja, igawe katika sehemu milioni moja: sehemu moja ni nanomita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi, na chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi. Chembe nano zinazobeba dawa nyingi huwa kati ya nanomita 10 na 200. Kwa kulinganisha, kama chembe nyekundu ya damu ingekuwa na upana wa ngalawa, nyingi za chembe nano zingeenea kiganjani.

Teknolojia hii si ngeni kwetu. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela huko Arusha, alibuni chujio la maji linalotumia vitu vya nano pamoja na mchanga, na mwaka 2015 alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi. Katika maji kazi ni kukamata uchafu. Katika saratani kazi ni kubeba dawa.

Kuna sababu tatu za kutaka mbebaji wa namna hiyo.

Ya kwanza: kemikali nyingi za mimea hazikubali kuyeyuka katika maji, na damu sehemu kubwa ni maji. Paklitakseli, iliyotoka katika gome la mti wa Amerika Kaskazini na kutangazwa mwaka 1971, ni mfano mzuri. Ili iweze kuingizwa mshipani iliyeyushwa katika kimiminika kilichotengenezwa kutokana na mafuta ya mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo. Kimiminika hicho kiliwaletea baadhi ya wagonjwa mzio mkali, wakalazimika kupewa kwanza dawa za kuuzuia. Mwaka 2005 ikaidhinishwa Abraxane: paklitakseli ile ile, ila imebebwa na albumini, protini ya kawaida ya damu, katika chembe zenye nanomita 130 hivi. Kile kimiminika hakikuhitajika tena.

Ya pili: mishipa ya damu ndani ya uvimbe hujengwa haraka na vibaya, nayo ina matundu. Mwaka 1986 Wajapani Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda walieleza kwamba chembe kubwa kuliko molekuli za kawaida huvuja kupitia matundu hayo na kubaki ndani ya uvimbe, kwa kuwa uvimbe hauna mifereji mizuri ya kuzitoa. Katika mishipa mizima chembe hizo hazivuji kwa urahisi.

Ya tatu: mbebaji huilinda dawa isivunjwe njiani na pia hulinda viungo visiguswe na dawa. Dawa ya kwanza ya namna hii kuidhinishwa nchini Marekani ilikuwa Doxil, mwaka 1995. Ndani yake mna doksorubisini, ambayo hutokana na bakteria wa udongoni na inajulikana kwa kudhuru moyo. Imefungwa katika kifuko kidogo cha mafuta kiitwacho liposomu, na madhara yake kwa moyo yakapungua. Ilianza kutumika kwa saratani ya Kaposi, ambayo nchi zetu ziliifahamu kwa uchungu katika miaka ya UKIMWI.

5. Tusizidishe matumaini

Tungekosea kama tungewaondolea watu imani ya kupita kiasi katika majani na kuwapa imani ya kupita kiasi katika chembe nano. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walipitia tafiti za miaka 10 zilizofanywa kwa wanyama. Waliona kwamba, kwa kipimo cha kati, ni asilimia 0.7 tu ya chembe nano zilizoingizwa mwilini zilizofika kwenye uvimbe. Nyingine nyingi hunaswa na ini na bandama, ambazo Mungu ameziweka kuchuja vitu vigeni.

Hata vinkristini ya ua letu ilifungwa katika liposomu. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa saratani ya damu ya watu wazima, ikaondolewa mwaka 2022 kwa kuwa faida yake haikuthibitishwa na utafiti uliotakiwa kufuata. Wapo watafiti wanaochanganya maji ya majani na chumvi za fedha: kemikali za jani huigeuza chumvi hiyo kuwa chembe nano za fedha, na mchanganyiko hubadilika rangi kuwa kahawia. Njia hii ni rahisi na haihitaji mitambo ya ghali, kwa hiyo vyuo vya Afrika vinaweza kuifanya. Lakini kati ya kichupa hicho na mgonjwa kuna majaribio kwa wanyama, kisha kwa watu wachache, kisha kwa mamia. Dawa nyingi huishia njiani.

6. Stafeli na manjano

Kwenye simu zetu huzunguka ujumbe unaosema stafeli ina nguvu mara 10,000 kuliko tibakemikali. Tuupime kwa tulichojifunza. Ni kweli kwamba mstafeli una kemikali ziitwazo asetojenini. Ya kwanza ya kundi hilo kutambuliwa, mwaka 1982, ilitoka katika mizizi ya Uvaria acuminata, mmea wa familia moja na mstafeli unaoota katika pwani ya Afrika Mashariki. Ni kweli pia kwamba zinaua seli za saratani maabara. Huzinyima seli nishati.

Ila seli za ubongo nazo zinahitaji nishati. Mwaka 1999, katika kisiwa cha Guadeloupe, madaktari waliripoti wagonjwa wengi kuliko ilivyotarajiwa wenye ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson, usioitikia vizuri dawa zake. Walihusisha hali hiyo na ulaji wa matunda ya mstafeli na unywaji wa chai ya majani yake. Kula stafeli moja kwa furaha si dhambi wala hatari ya kuogopa. Kunywa chai ya majani kila siku kwa miezi kama tiba ni jambo jingine.

Manjano nayo inasifiwa. Kemikali yake, kukumini, haiyeyuki vizuri katika maji, huvunjika upesi na kidogo sana hufika kwenye damu. Ndiyo maana watafiti wengi wanajaribu kuibeba kwa chembe nano. Hadi sasa haijawa dawa ya saratani iliyoidhinishwa. Tuendelee kuitia kwenye pilau, tusiiweke mahali pa daktari.

7. Chembe nano iliyokwisha fika shuleni

Katika nchi yetu saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi, na husababishwa na kirusi kiitwacho HPV. Tangu mwaka 2018 chanjo dhidi ya kirusi hicho hutolewa kwa wasichana nchini kote. Wachache wanajua kwamba chanjo hiyo yenyewe ni chembe nano: ni ganda tupu la protini, lenye upana wa nanomita 50 hadi 60, linalofanana na kirusi kwa nje lakini halina vinasaba vya kirusi ndani. Haliwezi kumwambukiza mtu. Mwili huliona, hujifunza sura ya adui na kujiandaa.

Huu ndio ushindi wa karibu zaidi tulio nao, na haumsubiri mtafiti yeyote. Katekista anayeulizwa na wazazi baada ya Misa kama chanjo hiyo ni salama anaweza kujibu kwa maneno hayo machache.

8. Mhudumu afanye nini?

Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, kinatufundisha kwamba Mungu ndiye aliyezitoa dawa katika ardhi na kwamba mwenye busara hazidharau. Sura hiyo hiyo inamtaka mgonjwa asali, na tena ampe tabibu nafasi yake. Mwandishi hakuona ugomvi kati ya sala, mmea na tabibu, nasi tusiuanzishe. Kutokana na hilo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, tusimkaripie mgonjwa anayetumia majani. Akikaripiwa ataficha, na kuficha ndiko kunakomdhuru. Vinkristini, kwa mfano, huvunjwa na vimeng'enya vya ini. Itrakonazoli, dawa ya kawaida ya fangasi, huvizuia vimeng'enya hivyo na kuizidisha sumu ya vinkristini. Baadhi ya mimea nayo inaweza kufanya hivyo. Tumsaidie mgonjwa amwambie daktari kila anachokunywa, ikiwezekana aende na jani lenyewe.

Pili, tuulinde muda. Uvimbe mdogo wa titi au kidonda cha awali cha mlango wa kizazi mara nyingi hutibika. Ukingojewa miezi sita ya kujaribu unga huu na ule, huenda usitibike tena. Anayetokwa na damu isiyo ya kawaida, au mwenye uvimbe usioisha, tumsindikize kituo cha afya kwanza.

Tatu, tuwaheshimu waganga wa tiba asili waliosajiliwa na tuwaombe wawapeleke wagonjwa hospitali mapema. Wengi wao ni waumini wetu, na wagonjwa huwasikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi.

Nne, tuhifadhi elimu na mimea. Mimea mingi ya pwani haijachunguzwa, na msitu ukifyekwa kwa mkaa, kemikali zake hupotea pamoja nao. Mseminari anayekwenda likizo anaweza kufanya alichofanya Padre Sacleux: aandike jina la mmea, mahali unapoota na matumizi yake kama wazee wanavyoyaeleza, kwa ruhusa yao.

Hitimisho

Basi tukiulizwa tena, “Kwa nini nisinywe mti wenyewe?”, tujibu kwa upole: “Ni kweli, mama, dawa uliyoandikiwa huenda ilitoka kwenye mti. Lakini watu wamefanya kazi miaka mingi kuitenga na sumu nyingine, kuipima, na kuitafutia njia ya kufika kwenye uvimbe bila kukumaliza wewe. Ukirudi kwenye jani unaiacha kazi hiyo yote nyuma. Twende hospitali, na sala tutaendelea nayo.”

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika eneo letu, ni mimea gani inayosemwa kutibu saratani? Nani anasema, na amejuaje?
2. Kwa nini maitansini ilishindwa mara ya kwanza na ikafaa baadaye?
3. Je, wasichana wa parokia yetu wamepata chanjo ya HPV? Kama hawajapata, nini kimezuia?
4. Mgonjwa akituambia ameacha dawa za hospitali na anatumia majani, tutamwambia nini kwanza?